Kidogo Alichoomba Mama

Kichochoro cha Kisima, Nyumba ya 7,
Ledok,
Malang.

Jumapili, 5 Machi 2023

Mpendwa mdogo wangu Kinasih,

Pokea salamu za nyumbani, wewe na shemeji Syahrul, na ziwakute huko Tarakan mkiwa wazima. Miguu vipi, bado inavimba? Mgongo je? Na huyo mgeni wetu tumboni, anacheza au ni mvivu kama baba yake? Waombe wakubwa wa kiwandani wakupe kazi ya kukaa. Kamba wa kampuni hawaishi kumenywa, lakini mgongo ukiisha umeisha.

Huku hatujambo. Mvua inanyesha kila alasiri na mto umepanda mpaka kwenye ngazi za kufulia, ila haujaingia kwa mtu. Kifua cha Mama kimetulia tangu aache kuoga maji ya baridi alfajiri, au tuseme tangu nianze kumfichia ndoo. Mimi mwilini mzima, ila moyo haukai mahali pamoja.

Nimeketi kuandika barua hii na kuinuka sijui mara ngapi. Naandika mistari miwili, naenda kutazama taa za ruta ya mtandao, narudi. Taa zote ni za kijani. Hilo ndilo linaloniudhi, kwamba taa ni za kijani na wewe hupokei.

Sijakuandikia kwa kalamu tangu ulipokuwa bweni kule shule ya viziwi. Najua ujumbe wangu wa simu huufungui, na najua sababu. Mama mdogo Sumirah amekiri mwenyewe kwamba ulimuuliza mbona picha ya Mama inaganda kila jioni, naye, kwa mdomo wake usio na kufuli, akakueleza kwamba watu wa mtaa waliulizwa kila nyumba inahitaji mtandao kiasi gani, na Mama akasema kidogo tu. Kisha ukaniandikia: "Kumbe Mama ananihitaji kidogo tu." Tangu hapo kimya.

Kinasih, kasirika utakavyo, lakini soma mpaka mwisho. Nisipokueleza mimi, hakuna wa kukueleza, maana Mama hawezi kujitetea hata mbele ya kuku.

Laini yetu ya mtaa unaijua. Ni moja, tumeinunua kwa kuchangishana, inapanda kwenye mlingoti wa kibanda cha walinzi na kugawiwa nyumba kwa nyumba kwa mawimbi ya redio. Ulipoondoka ilikuwa inatosha. Baadaye mkwe wa jirani yetu Bu Lasmi akafunga antena kubwa zaidi ili achukue zaidi. Pak Darmo, mwenyekiti wetu, akaona asipitwe, akafunga yake. Kisha kila nyumba. Unazikumbuka spika za harusi, zile ulizokuwa ukizipokea kifuani? Fikiria harusi tatu siku moja katika kichochoro kimoja, kila mmoja anaongeza sauti ili azidi za wenzake. Ikawa hivyo. Kila antena inapiga kelele juu ya nyingine, na mwisho hakuna anayepata kitu, hata mwenye antena ya bei mbaya.

Pak Darmo akanijia. Akasema mimi ndiye ninayefundisha chuoni hesabu za mambo kama haya, basi nisaidie. Na ni kweli, ndiyo kazi yangu. Shemeji aliwahi kunicheka kwamba nalipwa kufundisha michezo. Si mpira wala karata, mwambie. Ni hesabu ya watu wanaogombea kitu kimoja, kila mmoja akitega kuona mwenzake atafanya nini ndipo afanye lake, na ya namna ya kuweka sheria ambayo hata mwenye tamaa ataona heri aseme kweli.

Nikaweka sheria yangu, na nilijivuna nayo, nisikufiche. Kila nyumba itaje yenyewe inahitaji kiasi gani jioni. Mtu apewe alichotaja, na kinachobaki kigawiwe kwa kufuata hivyo hivyo vilivyotajwa, aliyetaja kingi aongezewe kingi. Niliogopa jambo moja tu, lile linaloogopwa na vitabu vyote, kwamba watu watataja kikubwa kuliko haja yao. Kwa hiyo nikaweka adhabu: anayeomba kingi kisha asikitumie, mwezi ujao anapunguziwa. Milango yote ya tamaa nikaifunga. Nilisahau tu nilikozaliwa.

Pak Darmo alipita nyumba hadi nyumba kuuliza. Yeye mwenyewe, anayetazama mpira kwenye televisheni na kwenye simu kwa wakati mmoja, akasema anasoma habari tu. Bu Lasmi, mwenye wajukuu watano na kila mjukuu na simu yake, akasema kidogo, watoto wanalala mapema. Wale wajukuu hawalali kabla ya paka wa mtaa. Na Mama, mimi nikiwa kazini, akamwambia Pak Darmo kwamba yeye ni kikongwe mmoja tu, chochote kitakachobaki kwa wenzake kinamtosha. Hakuna aliyezidisha. Mtaa mzima ulipunguza, kila mtu akiogopa kuonekana mlafi mbele ya mwenyekiti. Nami nikaingiza majibu kwenye mashine ya kugawia laini bila kufikiri, nikifurahi kwamba watu wetu si waroho.

Mmoja tu alisema kweli. Ni jirani mpya, Pak Bonar, mziba pancha, Mbatak wa kisiwa cha Samosir aliyehamia ile nyumba ya mkabala na dirisha letu baada ya wewe kuolewa. Huyu hana haya zetu. Kila jioni anashika gitaa na kuwaimbia ndugu zake waliotawanyika dunia nzima, moja kwa moja kwenye simu, na wanamtazama wengi. Alipoulizwa akajibu, "Nahitaji kingi. Na kikibaki, niongezeeni."

Basi akaongezewa. Mwenye nacho huongezewa, na sheria yangu ndiyo iliyomwongezea. Kwa kuwa wote walitaja vijiko naye akataja ndoo, mabaki yote yalimfuata yeye. Mama akabaki na kijiko chake.

Sasa wewe na mimi tunajua kitu ambacho Pak Darmo hakukifikiria. Sauti ya mtu hupenya kwenye tundu la sindano, lakini mikono inataka mlango. Mwanamke mwingine wa umri wa Mama angeongea na bintiye kwa sauti, na kijiko kingemtosha. Mama anaongea na wewe kwa vidole, kwa uso, kwa nyusi. Picha ikiganda kidole kikiwa hewani, sentensi nzima imekufa. Na wiki hizo ndizo alizokuwa akikufundisha kumbeba mtoto kwa kitambaa, mto wa kitandani ameufunga kifuani badala ya mtoto, anafungua, anafunga tena ili uone fundo linapokaa. Ulichokiona wewe ni mwanamke aliyeganda, kisha giza. Ukadhani ameinuka akaenda zake. Hakuinuka. Alikuwa akiendelea kufunga na kufungua mbele ya skrini nyeusi, akitumaini kwamba pengine upande wako picha inafika.

Na hakulalamika. Hata mimi ninayekaa naye chumba kwa chumba aliniambia kwamba macho yake siku hizi ndiyo mabovu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nenda kamwambie mama yetu methali hiyo, atakukaribisha chai.

Mtaa nao haukusema. Watu walimnunia Pak Bonar kwa tabasamu. Bu Lasmi alimpelekea ndizi za kukaanga asubuhi na kumsengenya mchana. Hakuna aliyekwenda kumwambia, bwana, unatumaliza.

Ule ujumbe wako uliponifikia, mimi nilikwenda. Nilivuka kichochoro bila hata kuvaa viatu, nikamkuta ameinama juu ya beseni la maji anatafuta pancha kwenye tairi la ndani. Nilimwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kumwambia mtu, kwamba ana choyo, kwamba anakula cha mtaa mzima na hashibi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Dada Wening," akasema, "mimi niliulizwa nikajibu kweli. Mtaa mzima umedanganya kwa adabu, halafu mnaninunia mimi."

Nikamwambia basi walau angeona haya, kwa vile kila jioni anamwona kikongwe dirishani akihangaika na simu yake. Kinasih, yule mwanaume alisimama maji yakimchuruzika mikononi. Akaniuliza anahangaika vipi. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa akimwona Mama dirishani anapunga mikono, anainua nyusi, amekumbatia mto, akadhani anacheza. Alidhani bibi wa mkabala amependa nyimbo zake. Kwa heshima ya mpenzi huyo wa muziki wake, kila jioni akawa anaongeza wimbo mmoja, wakati mwingine miwili. Na kila wimbo aliouongeza ulikuwa unakata mikono ya Mama.

Nikamweleza kuhusu wewe. Nikamweleza kwamba lugha hiyo ya mikono mliitunga wewe na Mama jikoni kabla hujaenda shule yoyote, na kwamba sasa una mimba na huwezi kusafiri. Alikaa juu ya tairi.

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

Nikamwambia kwamba tulikuwa tunamwonea haya. Alinitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wangu.

Alitaka kuacha kuimba siku ile ile na kumpa Mama fungu lake lote. Nilimkatalia, akanuna kwa uwazi, kama wanavyonuna watu wa kwao. Lakini sheria inayosimama juu ya wema wa mtu mmoja si sheria. Siku moja atafiwa, au ataozesha mtoto, atataka kuimba, na Mama atarudi gizani bila kusema neno. Nilitaka kitu kitakachosimama hata siku ambayo watu si wema. Siku hizo nilizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Niliunguza tempe ya soya motoni, nikamfokea Mama kwa sababu ya ndoo.

Kisha ikafika kenduri ya kuwaombea marehemu kabla ya mfungo. Tulimwombea Baba. Wanaume walipokwisha kuhudumiwa, sisi wa jikoni tukaketi chini kula, na kama kawaida yetu hakuna aliyejipakulia. Mama alinyoosha sahani akisema tonge moja tu, ameshiba harufu. Bu Lasmi hata hakumsikiliza. Alijaza wali, akaweka mguu wa kuku, vitumbua viwili vya apem, na ketan, ule wali wa kunata, juu yake. Mama akalalamika, akasema atavipeleka wapi vyote hivyo, akaapa kwamba hawezi. Kisha akala vyote. Akaramba na kidole.

Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la kolak ya ndizi na tui. Nililiweka chini nikatoka nje bila kuaga, na Sumirah mpaka leo anasema nilikasirika kwa kunyimwa paja.

Kwa nini tulimuuliza mtu haja yake mwenyewe? Mtu wa kwetu hawezi kuitaja. Atakunywa maji ya moto akuambie yamepoa. Lakini haja ya jirani yake anaijua mpaka kijiko cha mwisho, kwa kuwa anamchungulia, na ataitaja bila aibu kwa sababu haimfanyi yeye kuwa mlafi. Kwenye hesabu zangu nilikuwa nimewajengea uzio wezi, na walionijia ni watu wanaokataa kunyoosha sahani.

Jioni ya pili tulikutana kwenye kibanda cha walinzi. Nikasema sheria ya kwanza imefutwa. Sasa hakuna anayetaja lake. Kila nyumba itamsemea jirani yake, na atakayesemewa haruhusiwi kufungua mdomo. Palikuwa na minong'ono, kisha kicheko, kisha wakaanza. Pak Darmo akatajiwa mpira wake wote mbele za watu, na mkewe akajifunika kitambaa. Wajukuu wa Bu Lasmi wakasemewa na Mama. Aliwatajia fungu kubwa mno, akaongeza kwamba watoto wanasoma, na Bu Lasmi akatazama dari.

Ilipofika zamu ya Mama, wa kumsemea alikuwa Pak Bonar. Alisimama kana kwamba yuko mahakamani. Akataja kiasi kikubwa kuliko kile alichowahi kujiombea mwenyewe. Mtu mmoja akaguna.

"Mimi ndiye ninayemwona kila jioni," akasema. "Ninyi mnasikia tu kwamba ana binti."

Mama alitaka kusema ni kingi mno. Nilimfinya goti.

Jumla ilizidi laini yetu, maana watu wakimpakulia mwenzao hawapimi, ikabidi nikate kila fungu kwa uwiano. Hata baada ya kukata, la Mama ndilo kubwa kuliko yote. Nitakuambia ukweli, hata hili halinipi usingizi mzuri. Najua kitakachokuja. Siku moja wawili watapatana, nipakulie nikupakulie, na itabidi nitafute dawa nyingine. Nimekwisha kuwaona Pak Darmo na mkwe wa Bu Lasmi wakitaniana kwa namna nisiyoipenda. Lakini kwa sasa njia ya Mama iko wazi, pana, na inapitisha vidole vyote kumi bila kukwama. Nimeijaribu mwenyewe kutoka chuoni. Mama alinionyesha ishara ya kwamba nimekonda, nikaiona vizuri kabisa.

Njia iko wazi na wewe umefunga mlango wa upande wako. Tangu Jumanne, kila magharibi, Mama anavaa ile blauzi yake ya kebaya ya kijani, anafunga mto kifuani, anaweka simu juu ya kopo la biskuti na kuketi. Simu inaita, haipokelewi. Anaketi tu. Mkabala, Pak Bonar anakaa na gitaa mapajani, haimbi mpaka aone Mama ameinuka. Ndugu zake huko waliko wameanza kumtukana. Ninawatazama wote wawili kutoka mlangoni na natamani kuvunja kitu.

Sumirah anakusalimu na anaomba radhi, ingawa anasema alichosema kilikuwa kweli. Pak Darmo na mkewe wanakusalimu. Bu Lasmi anauliza kama huko mnapata tangawizi nyekundu, la sivyo atume. Pak Bonar hakujui, lakini amesisitiza nimtaje humu, na anasema mtoto akizaliwa atamtungia wimbo, nawe utaupokea kifuani kama zile spika za harusi. Nisalimie shemeji, mwambie apunguze sigara.

Posta wamenihakikishia kwamba barua hii itakufikia kabla ya mfungo. Jana, kabla sijaianza, nilimkuta Mama anaosha mchele nikamuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akasema nikuambie yeye mzima. Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikamuuliza kwa sauti ya juu, akijua fika kwamba mikono inataka nafasi kubwa, akijua kwamba hana njia nyingine ya kuzungumza na mwanawe, kwa nini alisema kidogo?

Hakunijibu kwa mdomo. Aliweka bakuli chini, akajipangusa mikono kwenye khanga, na akaniambia kwa vidole, polepole, kama anavyosema na wewe:

"Ningesema kweli, wenzangu wangebaki na nini?"

Mola akushushe salama, akupe mtoto mwenye mikono mirefu. Magharibi ya kwetu inachelewa kidogo kuliko ya kwenu. Mama ameshaketi mbele ya simu.

Wako akupendaye kwa hasira zote hizi,
dada yako,
Wening